Kumi na Tisa

Kila alfajiri nilihesabu:
koleo la magego ya juu, la kulia, la kushoto,
koleo la mizizi lenye mdomo wa korongo,
ganzi, sindano, pamba, kioo cha kuchungulia.
Dokta Nandonde haondoki Lindi
kabla sijatamka, "Vimetimia."
Tela letu jeupe, na kiti chake kimoja cha kulaza wagonjwa,
hufuata gari kama ndama.

Basi siku ile ya Mbekenyera,
Ruangwa tumeshaiacha nyuma, barabara nyekundu,
ufuta umesimikwa mashambani mafungu mafungu,
tairi la kushoto la tela likasema neno moja tu.
Chilumba akashuka, akalizunguka,
akavua kofia kama aliyefika msibani.

"Spea ipo." Na kweli ilikuwepo,
imejaa upepo, bado inanuka duka.
Jeki ipo. Spana ipo.
Ila jeki ilikuwa ya gari, fupi,
ekseli ya tela ikaitazama kutoka juu,
na kila ikijaribu kuinuka
mguu wake ulizama mchangani.
Spana ilikuwa ishirini na moja;
nati za tela, kumi na tisa.
Ikazunguka. Ikazunguka bure.
Milimita mbili! Unene wa kucha,
na jua linakwenda zake.

Dokta akafungua droo zangu.
Akajaribu, naapa, koleo la magego ya chini.
Nati haikujua hata kama imeguswa.
"Ingekuwa na mzizi," akasema, "ningeiweza."

Ndipo akatokea yule mtu wa baiskeli,
shavu limevimba kama ameficha embe bichi ndani.
Alikuwa anakuja kwetu; tangazo lilimfikia.
Akalitazama tela lililolala upande,
akatutazama sisi na makoti yetu meupe,
akageuza baiskeli bila neno.
Maumivu yalikuwa yamemfunga mdomo.

Nusu saa. Akarudi na gunia.
Spana ya boksi, kumi na tisa, ya mashine ya kusaga.
Bomba la chuma la kuirefusha mkono.
Kipande cha mtondoro cha kukalisha jeki,
na kingine cha kuiongezea kimo.
Mawe aliyachagua pale pale kama achaguaye mafiga,
akayakita kwenye tairi zima, mbele na nyuma.
Chilumba alitaka kunyanyua; akamshika mkono,
akaonyesha kwa vidole: legeza kwanza,
likiwa bado limekanyaga chini.
Halafu juu. Halafu kukaza, na si kwa kufuatana:
nati hii, kisha ile inayoitazama,
kama watu wanaogawana chakula bila kupendelea.
Jasho lake lilipita njia ndefu
kulizunguka lile shavu.

Dokta akanawa. "Njoo, kiti ni chako."
Akatikisa kichwa. Akaonyesha jua, akaonyesha kijiji,
akaandika mchangani kwa kidole: KESHO.

Tulikaa Mbekenyera siku mbili,
tukang'oa meno arobaini na matatu.
Kila shavu nililikagua mlangoni.
Hakuja. Labda jino lilitulia.
Labda mtu aliyelala chali chini ya tela letu,
juu yake chuma kimeshikwa na vipande viwili vya mti,
anaogopa sindano.

Sasa chini ya droo ya ganzi kuna sanduku:
jeki ya chupa, ndefu, mbao mbili, bomba,
kabari, geji ya upepo, tochi,
na ile spana, tuliyoikuta mchangani alipokwisha kwenda.
Chilumba anasema aliisahau.
Mimi nasema aliiacha.

Alfajiri nahesabu vya midomo, kisha vya magurudumu,
na nikifika kumi na tisa
ulimi wangu huenda wenyewe, taratibu,
kwenye gego la kushoto.